Sukari Ina Mashine Yake

Chwele ni mji mdogo wenye soko kubwa. Uko Kaunti ya Bungoma, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea Mlima Elgon, na siku ya soko ikiwadia watu humiminika kutoka Kimilili, Sirisia, Kapsokwony na hata Kitale. Vitunguu kwa magunia, nyanya kwa makreti, kabeji, mikungu ya ndizi, maharagwe ya kila rangi, kuku waliofungwa miguu wakisubiri mnunuzi. Mboga za kienyeji hupangwa chini juu ya gunia: saga, mrenda, kunde, managu. Karibu kila kitu ambacho mtaalamu wa lishe angependa mgonjwa wa kisukari ale kiko pale, tena kwa bei ya shambani.

Hatua chache kando, karai la mafuta liko motoni tangu alfajiri. Mandazi, chapati, viazi, sambusa. Mafuta ya jana huongezewa ya leo, na mteja mkubwa wa karai hilo ni yule yule aliyeamka usiku kuleta mboga. Anauza saga, anakula chapati, anateremshia chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu. Si ujinga. Chapati inashibisha, inabebeka, na hakuna anayeweza kula saga akiwa amesimama akihesabu chenji.

Katika umati huo wamo wenye kisukari, na aghalabu kila mmoja wao anaijua nambari yake. Nane. Kumi na mbili. Siku mbaya, kumi na tisa. Nambari hiyo hutoka kwenye mashine inayotoshea kiganjani, tone moja la damu ya kidole na sekunde chache za kungoja. Mtu ambaye hajala tangu usiku akifika 7.0, na kipimo kikirudiwa kikasema vivyo hivyo, basi ana kisukari. Nambari huulizwa hospitalini, nyumbani na hata kanisani, kiasi kwamba kipimo kimegeuka hali ya mtu mwenyewe: fulani ni kumi na tano siku hizi, anasikitisha.

Muulize mtu huyo huyo kolesteroli yake ni ngapi. Atakutazama tu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza nchini Kenya ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa katika kila kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Waliopimwa kolesteroli walikuwa wachache hata kuliko waliopimwa sukari. Tangu hapo mashine za sukari zimeenea hadi vijijini. Kipimo cha mafuta ya damu kimebaki kazi ya maabara, na katika hospitali nyingi ndogo mgonjwa huandikiwa akakifanye kwingine, kwa pesa zake. Anayetoka na karatasi hiyo mkononi hufanya hesabu ya haraka: nauli, kipimo, karo. Mara nyingi karatasi huishia mfukoni.

Hapo ndipo penye tatizo la sura hii. Sukari ndiyo inayomtambulisha mgonjwa, lakini duniani kote wenye kisukari cha aina ya pili huuawa zaidi na moyo na mishipa ya damu kuliko na kitu kingine chochote. Mshtuko wa moyo, kiharusi, mguu unaokosa damu hadi ukakatwa: yote hayo hutokea katika mishipa mikubwa, na katika mishipa hiyo sukari ni mshtakiwa mmoja tu kati ya kadhaa.

Madaktari wenyewe walichukua muda mrefu kulikubali hilo. Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza unaojulikana kwa kifupi kama UKPDS, uliowafuatilia kwa miaka mingi watu waliokuwa wamegunduliwa kisukari karibuni. Walioshusha sukari kwa bidii waliyanusuru macho na figo zao: madhara ya mishipa midogo yalipungua kwa robo. Lakini kwa mshtuko wa moyo, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba wanatakwimu walikataa kuapa kwamba haikuwa bahati tu. Faida kwa moyo ilikuja kuthibitika miaka 10 baadaye. Mwaka 2008 ukaja utafiti wa ACCORD huko Marekani na Kanada, watu zaidi ya 10,000, baadhi yao wakisukumwa kwa dawa nyingi hadi sukari ikaribie ya mtu asiye na kisukari. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliosukumwa hivyo walikuwa wanakufa zaidi.

Wadenmark walijaribu njia nyingine. Katika hospitali ya Steno walichukua wagonjwa 160 tu, wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja lilitibiwa kwa kawaida ya wakati ule. La pili lilishughulikiwa kila kitu kwa pamoja: sukari, presha, mafuta ya damu, chakula, mazoezi, sigara. Baada ya takriban miaka minane, matukio ya moyo na mishipa katika fungu la pili yalikuwa nusu ya yale ya fungu la kwanza. Waliendelea kufuatiliwa, na ilipotimia miaka 21 ikaonekana kwamba waliotibiwa kwa ujumla waliishi karibu miaka minane zaidi. Watu 160 ni wachache. Hata hivyo, ni vigumu kupata utafiti mwingine wa kisukari uliosema jambo kubwa hivyo kwa watu wachache hivyo.

Kwa nini mafuta? Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaotoa mafunzo ya afya, hueleza kwamba mafuta huganda ndani ya mshipa kama mafuta ya kupikia yanavyoziba bomba la sinki. Mfano huo unaeleweka haraka, na unapotosha vilevile. Bomba ni kitu mfu. Ukuta wa mshipa una uhai: una tabaka za seli, misuli, na kwa ndani utando mwembamba wa seli moja moja zilizopangwa bega kwa bega, unaoamua kipi kipite na kipi kibaki katika mkondo wa damu. Ugonjwa haujengeki juu ya utando huo. Unajengeka chini yake, ndani ya ukuta.

Mafuta hayawezi kusafiri peke yake katika damu, ambayo ni maji maji, kwa hiyo ini huyafunga katika vifurushi vidogo sana vilivyozungushiwa protini. Kifurushi kiitwacho LDL hubeba kolesteroli nyingi na kuigawa mwilini. Kikiwa kingi, baadhi yake hupenya utando wa mshipa na kunasa upande wa pili. Hapo hubadilika. Oksijeni hukichakaza, na kwa mwenye kisukari sukari nayo hujibandika kwenye protini yake hata mwili usikitambue tena kuwa chake. Seli za utando huona hatari, zinatoa vishikizo vya kukamata chembe nyeupe za damu zinazopita, na chembe hizo huingia ukutani kufanya usafi. Humeza LDL iliyoharibika. Humeza bila kuacha, maana hazina kipimo cha kushiba, hadi zinavimba kwa matone ya mafuta na kufia pale pale. Zikifa zinamwaga zilichomeza na kuita chembe nyingine.

Huo ndio mchochota wa mshipa. Kidole kikichomwa mwiba, wekundu, joto, uvimbe na maumivu huja, mwiba hutoka, kila kitu hutulia. Ndani ya ukuta wa mshipa mwiba hautoki, kwa sababu kila siku ini linatuma mwingine. Na hakuna maumivu. Mtu anaweza kuuishi mchochota huo miaka 20 akilima, akibeba magunia, akicheza kwenye harusi.

Kwa miaka hiyo mwili huwa unajaribu kujitetea. Hufunika uchafu ule kwa kofia ya nyuzi ngumu, na kofia ikiwa nene mtu huishi nayo. Balaa ni mchochota ukiitafuna kofia ikawa nyembamba. Siku moja inapasuka, uchafu unagusana na damu, damu inaganda papo hapo kana kwamba kuna kidonda cha kuzibwa. Katika mshipa wa moyo huo ni mshtuko wa moyo, ubongoni, kiharusi. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mabonge ya uchafu yanayopasuka mara nyingi si yale makubwa yaliyoubana mshipa. Ni ya wastani, ambayo jana yake hayakumpa mwenyewe dalili yoyote.

Mwenye kisukari ana shida zaidi ya moja hapa. Insulini inafahamika kama homoni ya sukari, lakini ina kazi nyingine ambayo haitajwi sana kliniki: huyaambia maghala ya mafuta, hasa yale ya tumboni, yashike yalicho nacho. Katika kisukari cha aina ya pili amri hiyo haisikiki. Mafuta hutoroka ghalani, hukimbilia kwenye ini, na ini lisipokuwa na pa kuyaweka huyafunga upya na kuyarudisha katika damu ndani ya vifurushi vilivyojaa mafuta hayo, yaitwayo trigliseridi. Vifurushi hivyo vikizunguka hubadilishana mizigo na vingine. HDL, ambayo husaidia kurudisha kolesteroli kwenye ini, hupungua. LDL hupungua ukubwa na kuongezeka idadi: vifurushi vidogo vidogo, vigumu, vyepesi kupenya ukutani. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupimwa LDL ikaonekana ya kawaida kabisa, akapongezwa, ilhali kolesteroli ile ile imegawanywa katika vifurushi vingi zaidi, na idadi ya vifurushi ndiyo inayohesabika kwa mshipa.

Wazo kwamba ugonjwa huu ni mchochota si geni. Rudolf Virchow wa Berlin alilitetea katika karne ya 19, akibishana na Karl von Rokitansky wa Vienna aliyeona mchochota kuwa matokeo, si chanzo. Mwaka 1913 Nikolai Anichkov wa St Petersburg aliwalisha sungura kolesteroli, mishipa yao ikaharibika, na kwa miongo mingi baada ya hapo gumzo likawa mafuta, mafuta, mafuta. Mwaka 1999 Mmarekani Russell Ross aliandika makala yenye kichwa kisicho na kona: ugonjwa wa mishipa ni ugonjwa wa mchochota. Alikufa mwaka huo huo, bila kuona jaribio lililoamua ubishi.

Jaribio hilo liliitwa CANTOS. Paul Ridker wa Boston na wenzake walichukua zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wakawapa baadhi yao dawa inayozima ujumbe mmoja wa mchochota bila kugusa kolesteroli hata kidogo. Mwaka 2017 walitangaza kwamba, kwa dozi iliyofanya vizuri, matukio ya moyo yalipungua kwa asilimia 15. Mafuta hayakupungua; mishipa ilinufaika. Virchow angefurahi. Furaha yake isingedumu, kwa kuwa dawa ile ni ghali mno na waliopewa walikufa kwa maambukizi zaidi kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2018 dawa ya bei nafuu, methotrexate, ilijaribiwa kwa watu wenye kisukari au dalili za kuelekea huko waliokuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na haikusaidia chochote. Kolchisini, dawa ya kale ya jongo, ilipunguza matukio kwa asilimia 31 katika utafiti wa Australia na Uholanzi mwaka 2020. Mwaka 2024 utafiti mwingine mkubwa, kwa watu waliotoka tu kupata mshtuko, haukuona faida. Sayansi ya mchochota ni ya kweli, ila dawa zake bado zinatafuta njia.

Kuna shida nyingine ya kuzihamishia habari hizi Bungoma. Katika nchi tajiri mchochota hupimwa kwa protini ya damu iitwayo CRP. Protini hiyo hupanda kwa malaria, kwa kifua kikuu, kwa jino bovu, kwa kidonda cha mguu. Chini ya Mlima Elgon, ambako malaria haijaaga, CRP ya juu inaweza kumaanisha chochote.

Si zamani sana ugonjwa wenyewe ulikuwa nadra huku. Mwaka 1929 daktari wa kikoloni, Cyril Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, alichapisha vipimo vya presha vya Waafrika 1,000. Alichokuta kilimshangaza: presha haikupanda kwa uzee kama ya Wazungu, na baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Mwaka 1937 F. W. Vint wa Nairobi aliripoti uchunguzi wa maiti 1,000, na mshtuko wa moyo haukuwamo. Hugh Trowell, aliyetumikia Kenya kisha Uganda karibu miaka 30, alipokutana na Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliona kisa hicho kimoja kinastahili makala nzima katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Hiyo ilikuwa mwaka 1956.

Rahisi ilikuwa kusema kwamba Mwafrika ameumbwa tofauti, na wapo waliosema. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walipima kolesteroli jijini Kampala. Wahindi wa mji ule, wenye soko moja na hewa moja na Waafrika, walikuwa na kolesteroli ya juu zaidi na mishtuko ya moyo. Waafrika waliokula ndizi, viazi vitamu na maharagwe hawakuwa na mambo hayo. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo walioondoka vijijini kwenda Nairobi na kukuta presha yao imeanza kupanda miezi michache tu baada ya kufika. Jeni hazibadiliki kwa safari ya basi.

Tena, jeni za Kiafrika zimechangia tiba kuliko inavyofahamika. Mwanzoni mwa karne hii watafiti wa Dallas, Jonathan Cohen na Helen Hobbs, waligundua kwamba baadhi ya Wamarekani weusi wana hitilafu katika jeni ya PCSK9 inayowafanya wawe na LDL ya chini maisha yao yote, na kwamba watu hao karibu hawapati mshtuko wa moyo. Baadaye akapatikana mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyerithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama. LDL yake haikufika hata 0.5, naye alikuwa mzima, mwenye uwezo wa kuzaa. Kutokana na ugunduzi huo zimetengenezwa sindano za kushusha kolesteroli ambazo bei yake haijafikiria Bungoma, wala Harare.

Kwa upande wa pili, kipimo cha mafuta kilichobuniwa kwa Wazungu kinaweza kuwapita Waafrika. Tafiti nyingi kusini mwa Sahara zimekuta tatizo la kawaida zaidi ni HDL ya chini. Nchini Marekani imeonekana kwamba watu weusi wenye mwili usiosikia insulini mara nyingi huwa na trigliseridi za kawaida, hivyo daktari anayengoja trigliseridi zipande ndipo ashtuke anaweza kungoja hadi kiharusi.

Sasa turudi kwenye karai. Mafuta mengi ya kupikia Kenya, yale ya kupimiwa kwa kikombe dukani na yale ya kopo yanayoganda, hutokana na mawese yanayoagizwa hasa kutoka Malaysia na Indonesia. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayopandisha LDL. Alizeti ni bora kwa mshipa, lakini bei ndiyo inayoamua. Lililo rahisi kubadili ni kiasi: saga, managu na mrenda havihitaji vijiko vinne vya mafuta, na mapishi ya zamani ya Kibukusu yalitumia maziwa au simsim. Omena kutoka Ziwa Victoria wana mafuta ya samaki yanayosaidia kushusha trigliseridi, ilimradi wasiogeleshwe upya kwenye karai. Kuku wa kienyeji, ambaye mgeni wa heshima hapa hawezi kumkosa, si adui. Soda inayofuata, na pombe, ndizo zinazoipandisha trigliseridi kwa mwenye kisukari kwa kasi asiyoitarajia. Kutembea nako husaidia, na bodaboda imekupunguza kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga.

Chakula peke yake, hata hivyo, mara nyingi hakitoshi kwa mtu ambaye tayari ana kisukari na umri umesonga. Kuna dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanakemia wa Japani, Akira Endo, alichunguza maelfu ya kuvu akitafuta kitu cha kuzuia utengenezaji wa kolesteroli, akakipata katika kuvu wa bluu aliyetoka kwenye mchele wa duka la nafaka la Kyoto. Huo ulikuwa mwanzo wa statini. Hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, ini likatamani LDL zaidi na kuivuta kutoka kwenye damu. Na pamoja na hayo hutuliza mchochota kwa kiasi na kuiimarisha ile kofia ya nyuzi. Mwaka 2004 utafiti wa CARDS wa Uingereza na Ireland ulitoa matokeo yake. Watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, wasio na ugonjwa wa moyo na wasio na kolesteroli ya juu, walipewa ama atovastatini miligramu 10 kila siku ama kidonge kitupu. Utafiti ulisimamishwa miaka miwili kabla ya muda kwa kuwa faida ilikuwa wazi: matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37, kiharusi kwa karibu nusu.

Soma tena maneno yale: wasio na kolesteroli ya juu.

Hayo ndiyo yanayoibadili hesabu ya mtu aliye na karatasi ya maabara mfukoni. Shirika la Afya Duniani, ambalo liliingiza simvastatini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2007, huelekeza zahanati na hospitali ndogo kwamba mwenye kisukari cha aina ya pili aliyefika miaka 40 apewe statini. Halisemi kolesteroli ipimwe kwanza ionekane mbovu. Kipimo kina faida yake, hasa kuona kama dawa inafanya kazi au kama kuna ugonjwa wa kurithi. Lakini kukikosa si sababu ya kumnyima mtu kidonge. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni katika nukta hii wagonjwa wengi wa magharibi mwa Kenya hupotezwa: mgonjwa anaendelea kungoja kipimo ambacho uamuzi haukukihitaji.

Statini ina maneno yake mitaani. Kwamba inaua ini: kwa wengi mno haifanyi hivyo. Kwamba inaleta maumivu ya misuli: kwa wachache ndiyo, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina. Kwamba inapandisha sukari: kidogo, ndiyo, na madaktari hawalifichi hilo, lakini kwa mwenye kisukari faida kwa moyo inaizidi mbali hasara hiyo. Mjamzito hapewi kwa kawaida. Na kwa eneo lenye wagonjwa wengi wa virusi vya UKIMWI, ambao virusi vyenyewe huuchokoza mchochota wa mishipa, kuna onyo moja la lazima: simvastatini haichanganywi na dawa za UKIMWI zenye ritonavir. Mgonjwa wa kliniki mbili anapaswa kuzionyesha dawa za kliniki zote mbili.

Kisha kuna suala la dawa kuwapo. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana, ulizaliwa kwa ajili ya UKIMWI na baadaye ukageukia kisukari na presha. Webuye, mwendo mfupi kutoka Chwele, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kujaribiwa duka la dawa la mzunguko: shehena ya mwanzo hutolewa bure, dawa zinauzwa kwa bei nafuu pale stoo ya serikali inapokauka, na mauzo hununua shehena inayofuata. Kuanzia mwaka 2018, katika kaunti za Busia na Trans Nzoia, ambako ndiko Kitale iliko, mpango mwingine wa AMPATH na serikali uliunganisha kisukari, presha na saratani mbili za wanawake katika vituo vya kawaida vya afya, ili mtu asisafiri hadi mji mkuu wa kaunti kwa kila ugonjwa.

Jaribio lililoifuata zaidi desturi ya hapa lilihusu chama. Watu 2,890 wenye kisukari au presha katika vituo 24 vya magharibi mwa Kenya waligawanywa makundi manne: wa matibabu ya kawaida, wa chama cha kuweka na kukopa, wa kliniki ya kikundi, na wa vyote viwili, yaani kikao ambacho watu huweka akiba, hukopeshana, hupimwa na kupewa dawa mahali pamoja. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha presha imeshuka kwa wote, ikishuka zaidi pale vyote viwili vilipounganishwa. Lakini tofauti na matibabu ya kawaida ilikuwa ndogo na haikuvuka mstari wa wanatakwimu. Waliotarajia muujiza waliukosa. Walioangalia jinsi matibabu ya kawaida nayo yalivyoboreka dawa zilipokuwapo walikuwa na la kutafakari.

Mwezi Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wake. Ndani yake mna mashine ya presha na mashine ya sukari. Mhudumu anapobisha hodi kwenye boma la Chwele huanza na mambo hayo mawili, na ni sawa. Swali la tatu halina kifaa mkobani: mama, umefika miaka 40, una sukari, kuna kidonge cha mafuta ulichoandikiwa? Akijibu hapana, kinachotakiwa ni barua ya rufaa kwenda kituo cha afya, na pale kituoni, mtu wa kuandika statini bila kumtuma tena maabara kwanza.